Jino la mbele la tantine Riziki

Françoise!! Nimetoka kwa tantine Riziki sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Wakati wa Zaire alikuwa anaimba mstari wa mbele kwenye animation, zile nyimbo na ngoma za kusifu chama. Jino la mbele likaoza, na mwezi uliofuata mgeni mkubwa alikuwa anafika Kindu!

Mama yake akamupeleka kwa daktari wa meno. Kijana tu, suti yake ya abacost imepigwa pasi. Akamwambia tantine: "Citoyenne, naweza kuling'oa leo, uchungu uishe. Ama niue mshipa wa ndani, nilizibe. Utarudi mara tatu."

"Ng'oa!" mama akasema. "Tunatoka Mikelenge kwa miguu. Mara tatu ya nini?"

Tantine akawaza kuimba na pengo mbele ya watu wote. Machozi yakamtoka. "Docteur, lingekuwa jino la muke yako, ungefanya nini?"

"Mimi sina muke."

Françoise, "sina muke", hivyo hivyo!

Mama akamtazama daktari kuanzia viatu mpaka nywele. "Basi umutengenezee. Atarudi."

Jino lilipona kwa mara tatu. Tantine alirudi mara saba. Bwana yake tonton Sudi, njo yeye huyo daktari, mpaka leo anaapa alikuwa anakagua kazi yake tu 😂