Usipige Hodi, Uliza Jirani

Mama wangu mupenzi,

Nakusalimia kutoka huku Liège, Ubelgiji. Malaria imekuacha? Na goti je? Mi niko muzima, baridi tu njo inanitesa. Dada akikusomea hii barua, asiruke kitu, hata asipokielewa.

Unaniulizaga kila mara: «Kazi yako njo gani?» Haya, sikia. Tunaandika maagizo ya kwanza kabisa ambayo mashini ya kompyuta inafuata inapoamuka. Eeh Mama, ni maajabu! Ikiwashwa haijui kitu. Kumbukumbu yake iko na vyumba vingi kupita nyumba zote za kwetu Kindu, kila chumba na adresi yake, lakini vingine si vyake, na vingine havijajengwa. Ikitia muguu pasipo pake inakufa kimya, juu saa ile hakuna bado wa kuisikia ikilia.

Mashini yetu mupya ilikuwa inakufa hivyo. Shefu wa kazi akasema: «Isipoamuka kabla ya Ijumaa, kontra yako ya kazi imeisha.» Mi, mutoto wa kulelewa vizuri, nikaiagiza ipige hodi kwa kila adresi: iguse kidogo, ingoje jibu. Ikakufa tena! Kule kugusa njo kulikuwa kunaiua. Siku tatu, Mama, nikasoma maagizo yale upya, mustari kwa mustari.

Njo nikakumbuka wakati wa vita, siku tulitoka porini, we, Dada na mi. Nilikimbilia mulango wetu, kinywa wazi niseme hodi. Ukanipiga kofi, ukanivuta kwa Mama Fatuma jirani, ukamuuliza: «Kwetu iko nani?» Akanong'ona: «Askari. Anayeita hodi wanamupiga risasi.»

Mashini nayo iko na jirani: programu ndogo inayotangulia kuamuka, inayojua vyumba vyote vya kweli. Nikaandika: uliza kwanza kwa jirani, adresi asiyoitaja, usiiguse kabisa. Alhamisi ikaamuka! Herufi moja kwenye kioo chake, kisha mistari mizima. Nikapaza sauti, «Mungu mukubwa!», mbele ya Wazungu wote.

Kontra imesainiwa. Lakini Mama, nilikununia wiki nzima juu ya lile kofi, na sijawahi kukuomba musamaha. Nisamehe.

Salimia Dada musomaji, na mujomba anayechimba dhahabu kule Kama. Na Mama Fatuma, mushike mikono yote miwili. Askari walikuwa hatua kumi tu, angeweza kunyamaza.

Mutoto wako wa mwisho,
Rajabu