Dakika Nne za Kanda Namba Moja

Mwaka umekatika, Fundi, tangu asubuhi ile ulipoinamisha kichwa juu ya meza yako ya kazi, kijisu cha nta mkononi, usikiinue tena. Binti yako alidhani unatazama kitu kwa karibu, maana ndivyo ulivyokuwa siku zote, pua juu ya kazi. Alikuita mara tatu. Redio kaseti ilikuwa bado inacheza.

Wateja walikujua kama fundi wa meno bandia asiyependa kuharakishwa. Kabla hujachonga hata jino moja ulitaka picha ya zamani ya mwenye kinywa, akiwa anacheka. Mwalimu mmoja mstaafu alikujia akitaka meno yaliyonyooka kama ya kwenye matangazo, ukamkatalia. Ulimchongea yake yaleyale, pamoja na lile la mbele lililompanda mwenzake. Alinuna wiki nzima, kisha akarudi kukuambia kwamba wajukuu wamemtambua. Siku ya mazishi yako alikaa mstari wa mbele na hakufumba mdomo, ili kazi yako ionekane.

Ulikuwa na ugonjwa mwingine pia, na tusipoutaja hapa watu watasema tunamkumbuka mtu tofauti. Ulipenda thrashi: ile roki ya metali ya mwendo wa kasi, magita yakikwaruza kama msasa, ngoma zikikimbizana, mwimbaji akifoka. Tena haikuwa thrashi ya wenye majina. Wewe ulitafuta santuri za miaka ya mwanzo ambazo hakuna aliyezitaka, za vijana wanne waliorekodi kwa siku tatu kwenye stoo ya duka la samani, wakatoa santuri moja, wakatawanyika kwenda kuwa madereva na makarani. "Hawakushindwa," ulikuwa ukisema. "Santuri yao ilitoka wiki moja na za wakubwa, ikafunikwa."

Ulizikusanya arobaini na tatu, moja moja, kwa barua na subira, ukazipanga kwenye rafu juu ya makopo ya plasta. Ulizipenda na kasoro zake. Kulikuwa na mwimbaji mwenye mafua, na gita lililopotoka sauti katikati ya wimbo bila mtu kuwa na nafasi ya kurudia. Majalada yake yalitisha watoto na kuchekesha watu wazima, hasa lile la mifupa ya mtu ikinyolewa kinyozini. "Msicheke jalada," ulituambia. "Walimchoresha binamu yao."

Kila santuri uliinakili kwenye kanda, na mwanzoni na mwishoni ulimsemesha msikilizaji kidogo: angalia ngoma hapa, msubiri huyu wa gita la pili, usimhukumu mapema. Juu ya kanda hukuandika jina, namba tu. Ulidai mtu akishajua jina anaanza kusikiliza jina. Kanda ikikamilika ulivunja vile vipande viwili vya plastiki vya mgongoni, ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake. Namba mbili mpaka arobaini na tatu zilikuwa za msikilizaji yeyote. Namba moja ulimtengenezea mkeo.

Ilimsubiri miaka kumi na tisa. "Mama watoto, moja tu," ulikuwa ukimwambia kwa upole kutoka mlango wa karakana. "Dakika arobaini." Naye alikujibu, "Nikimaliza kufua." Tulicheka wote, na wewe ulicheka zaidi yetu. Hakuna nyumba iliyowahi kuwa na nguo chafu kwa miaka kumi na tisa mfululizo, lakini hukumbana, uliufunga mlango taratibu ukarudi kwa vijana wako.

Sasa tufike pale panapotuuma. Kwenye msiba, kaka yako mkubwa alitaka salamu za rambirambi zirekodiwe kwa ajili ya dada yenu aliye mbali, ambaye hakuweza kusafiri. Alichukua kanda sita za kwanza kutoka kwenye rafu. Redio ilikataa kurekodi. Akazigeuza, akaona yale matundu, akayaziba kwa nta yako ya ufizi na kuilainisha vizuri kwa kidole gumba. Nyumba hii kila kitu tunaziba kwa nta yako, bomba, soli ya kiatu, mguu wa meza, kwa hiyo tulimwona na hatukushtuka. Mmoja wetu ndiye aliyemshikia taa. Dada yenu alipelekewa nakala, na kanda zenyewe zikarudi rafuni.

Miezi miwili baadaye, alasiri moja, mkeo alimaliza kufua. Alikausha mikono, akaingia karakana, akaketi kwenye kiti chako ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, akaiweka namba moja. Alikuwa amejikaza moyo kusikia kelele. "Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache," kaka yako akasema kutoka ndani ya redio, na hilo alilieleza kwa upande mzima.

Binti yako aliigeuza kanda. Upande wa pili alikuwa jirani, kisha mwenye nyumba, kisha kaka yako tena. Zilipobaki dakika nne, pakasikika mlio wa kitufe, na vijana wako wakaingia kwa kishindo katikati ya wimbo. Mkeo hakujisogeza. Wimbo uliisha, fimbo ya mpiga ngoma ikaanguka sakafuni, mtu akakohoa. Halafu wewe, karibu sana, kama uko upande wa pili wa meza:

"Umekaa mpaka mwisho. Ahsante, mama watoto. Sikuwa na mtu mwingine niliyetaka aisikie."

Kanda ikaisha. Mkeo alibaki ameketi, mikono juu ya meza yako, na binti yako hakujua amguse au amwache. Mwishowe mama akasema, "Amenishukuru kwa kitu ambacho sijafanya."

Kaka yako alipoitwa alikuja na kofia mkononi. "Shemeji, nilidhani ni kelele tu," alisema. "Naapa, nilidhani ni kelele tu."

"Na mimi nilidhani hivyo," mkeo alimjibu. Kisha hakumsemesha kwa miezi mitatu.

Tukwambie jambo, Fundi, ambalo hatujamwambia mtu. Redio yako ilikuwa imechoka, haikufuta sawasawa. Chini ya hotuba za msibani kuna ngoma, kwa mbali sana. Kaka yako anaponyamaza kuvuta pumzi, tunakusikia unaongea. Binti yako amepandisha sauti mpaka spika inanguruma, ameinama sikio likagusa kitambaa cha spika. Tunasikia kwamba unaongea, hatusikii unachosema. Mara moja alidhani amesikia "mama watoto", akairudisha kanda mara ishirini, kila mara ikawa kitu kingine. Siku hizi akiwa anachonga jino husikia mguu ukigonga chini ya meza, mpigo ule wako, na huchukua muda kabla hajagundua kwamba mguu ni wake. Inatutisha. Tungekuwa waongo tungesema inatufariji.

Mkeo alitaka kujua ni santuri ipi. Kanda haikuwa na jina, wala majalada hayakuwa na namba, na wewe ndiye uliyekuwa orodha. Kilichobaki ni zile dakika nne, fimbo inayoanguka na kikohozi.

"Mama, tuweke wimbo wa mwisho wa kila moja," binti yako alimshauri. "Tutamaliza kesho."

"Nimeshaiba ahsante moja," mkeo alisema. "Siibi nyingine. Tunaanza mwanzo."

Basi wakaanza mwanzo. Santuri moja kila alasiri baada ya kufunga karakana, pande zote mbili, bila kuruka. Wiki ya kwanza alisikiliza amekunja uso kama mtu aliye kwenye kiti cha daktari wa meno. Ya pili aliomba akae karibu na spika. Wiki ya nne alikuwa na maoni. "Huyu mpiga ngoma ana haraka ya mtu aliyeacha maziwa jikoni," alisema, "na wenzake wote wanamfuata kwenda kuyaepua." Ya yule mwenye mafua aliiomba mara mbili. Akasema mtoto yule alipaswa kuwa kitandani, na kwamba kuimba hivyo na kifua kile si jambo dogo. Ungemwona ungekufa mara ya pili kwa furaha. Hukumwona. Hilo ndilo linalomfanya wakati mwingine ainuke katikati ya wimbo, aende kusimama mlangoni, pale pale ulipokuwa ukisimama wewe.

Santuri ya thelathini na moja ilikuwa ile ya kinyozi. Asubuhi ile mkeo alimtumia ujumbe kaka yako, kwa sababu ambayo hakuieleza, akamwambia aje na asilete chochote. Alikuja, akaketi kwenye kopo la plasta lililogeuzwa. Upande wa kwanza ulipita. Upande wa pili, wimbo wa nne, mkeo alishika mkono wa binti yako. Alikuwa ameutambua mpigo kabla yetu wote. Wimbo ukaisha, fimbo ikaanguka, mtu akakohoa, na baada ya hapo pakawa kimya, sindano ikikwaruza pembeni mwa karatasi ya katikati. Santuri haina wewe. Tulijua, na bado wote wanne, mkeo, watoto wako wawili na kaka yako, tulikuwa tukikungoja.

Kaka yako ndiye aliyelia, kwa sauti. Mkeo alimwacha alie. Aliinua sindano, akaiweka namba moja kwenye redio, akaisogeza mpaka karibu na mwisho na kubonyeza kitufe mwenyewe. Ulisema uliyoyasema, neno kwa neno.

"Karibu, baba," mkeo alikujibu. "Nilikaa. Sasa niwekee inayofuata."

Akangoja.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako anayeendeleza karakana na bado anadai picha za wateja wakicheka. Mwanao wa kiume aliyeshika taa. Kaka yako mkubwa, ambaye sasa huja kila alasiri. Dada yako aliye mbali, aliyezirudisha nakala za hotuba bila maneno. Wajukuu zako wawili, mmoja akiwa ameanza kugonga mguu. Na mwalimu mstaafu, kwa meno yake.

Tutakukumbuka siku zote, Fundi, na kila santuri tutaisikiliza mpaka mwisho.