Kabla ya Tarehe Kumi na Tano

Meru Mjini,
Januari 28, 2019.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mjini. Natumaini baridi ya Kibirichia haijakurudishia kile kikohozi, na kwamba Mukiri anakusaidia kazi za nyumbani akitoka shule. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ningebadilisha mazungumzo.

Uliuliza kwa nini Mutegi ameachwa na timu. Kwanza nikueleze mikataba yetu ya mpira wa kikapu. Wangu ni wa uhakika: nicheze nisicheze, nalipwa hadi msimu uishe. Wake haukuwa hivyo. Timu ingeweza kumwacha siku yoyote bila kumlipa zaidi, lakini akivuka tarehe kumi na tano Januari, naye angelindwa kama mimi.

Mutegi alikuja kutoka Siakago mwaka jana na viatu vya kuazima. Kufikia Desemba alikuwa amechukua nafasi yangu. Watu wetu wa Meru waliita jina lake mimi nikiwa benchi na taulo begani. Hata wewe Mama, nilipomleta nyumbani Krismasi, ulimpakulia mukimo kabla yangu. Ulicheka naye kwa namna ambayo hujacheka tangu Baba atuache. Nilitabasamu, kisha nikairudisha sahani yangu jikoni ikiwa imejaa.

Mwezi huu timu ilitaka kumsajili mchezaji mrefu, hivyo mmoja wetu alipaswa kutoka. Kocha Njura alimtaka Mutegi abaki. Meneja Hezekiah alisema kuniacha mimi ni kumlipa mtu akae nyumbani. Walibishana wiki nzima, na nikasikia meneja ameanza kulegea.

Tarehe kumi na tatu, baada ya mazoezi, Mutegi alinionyesha goti lake la kushoto. Lilikuwa limevimba. Aliniomba nimfunge bandeji na nisimwambie mtu hadi siku mbili zipite.

“Hapa ninakuamini wewe tu,” aliniambia.

Nilimfunga vizuri, Mama. Kisha nikapanda ngazi hadi ofisini kwa meneja, nikamwambia goti la Mutegi limeharibika na kwamba amelificha tangu Krismasi. Hilo la Krismasi nililitunga mwenyewe. Kesho yake alipewa barua ya kuachishwa, isiyotaja sababu.

Goti lilipona kwa siku nne. Juzi alinipigia simu kutoka Siakago, ambako anapima ndengu dukani kwa mjomba wake. Alinishukuru kwa kumtunzia siri. Nami nikamwambia asijali.

Sasa naanza kila mchezo, na bado namwonea wivu, maana yeye anapata usingizi.

Asubuhi hii nimemweleza Kocha Njura yote. Alivua filimbi yake shingoni, akaizungushia kamba yake.

“Nafasi yake imeshajazwa,” akasema. “Na wewe mkataba wako unakulinda. Mazoezi ni saa kumi.”

Mutegi ameniambia atakuja kukuona Jumamosi. Tafadhali msomee barua hii yote, usiruke mahali. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Nisalimie Mukiri na wote wa kanisani wanaoniulizia. Mungu akutunze. Usinijibu kabla hujamsikia yeye.

Ni mimi mwanao,
Thuranira