Mguu wa Dungu la Mjomba

Temeke, Jumapili, Aprili 1956

Manyunyu tangu alfajiri. Bati linavuja palepale, nami nimetega sufuria palepale. Tumeshazoeana.

Jana mjomba Sefu kaingia na lori kutoka Rufiji, kabeba kapu la mahindi na nguzo. Nguzo nzima, ndefu kumshinda yeye. Mke wangu akamwamkia vizuri, akanivuta kando: "Mgeni kaja na nguzo moja. Paa analeta nani?"

Ni mguu wa dungu lake, kile kibanda cha juu anachokaa mtoni kulinda mpunga. Kila mwaka mafuriko yakifika kilele, hupiga chale moja kwa panga pale maji yalipoishia. Alianza baba yake. Nguzo ina chale kama mgonjwa aliyezunguka kwa waganga wote wa pwani.

Kosa ni langu.

Mie ni tarishi katika ofisi ya wale wanaopima mto ili waujengee bwawa. Husoma ninachotumwa kupeleka, hasa bahasha zikiwa hazikubandikwa sawasawa. Nikasoma kwamba wapimaji hawana habari za mafuriko ya zamani, nikamwandikia mjomba, kwa kujidai tu. Yeye akaelewa kwamba mto una kesi. Kwetu ukitetea shamba barazani unapeleka alama ya mpaka. Basi akakata mguu wa dungu, dungu likalala, akaja na shahidi wake.

Leo baada ya uji ikabidi nimweleze. Wanataka kujua maji hupanda mpaka wapi, wapate kujua ukuta wa kuyazuia uwe mrefu kiasi gani.

Akavuta ugoro, akautazama ule mguu wa dungu.

"Kumbe nimewaletea rula."

Sikucheka. Nilitaka, lakini ni mjomba.

Na niseme kweli, maana daftari hili halina mdomo. Mie huo ukuta nautaka. Kusoma nimejifundisha mwenyewe kwa koroboi, na jicho la kushoto limeshaanza kulalamika. Mjini taa zinawaka kwa watu wanaolala mapema. Wanasema maji ya bwawa yatazalisha umeme wa kutosha hata sie wa Temeke, na mpunga utamwagiliwa hata kiangazi. Halafu kuna ile chale ya juu kabisa. Mwaka huo maji yalichukua nyumba ya mama, na bibi akiwa ndani. Hakuna anayeuombea urudi.

Nikamwambia mjomba hayo yote, isipokuwa la jicho.

Akasema, "Bibi yako alikuwa mama yangu. Unanikumbusha?"

Kisha akainama, akaweka kidole kwenye chale ya chini kabisa. Mwaka huo mto ulipita kingo kidogo tu, haukuenea mashambani. Tope jipya halikuja, kwa hiyo mahindi ya mlau, yale yanayopandwa maji yakishaondoka, hayakuwa na pa kuota. Mabwawa ya asili kando ya mto hayakupata maji, samaki hawakuingia. Watu walikula mizizi ya porini. Waliozikwa mwaka ule, kasema, walikuwa wengi kuliko wa mwaka wa bibi, ila njaa haina kishindo, watu husahau.

"Kawaulize hao mabwana zako. Ukuta wao utayaachia maji yafike chale ipi?"

Nimezisoma karatasi zao mbele na nyuma. Umeme umo, pamba imo, hata mbu wamo. Hilo halimo.

Mchana kutwa nimewaza kuipasua nguzo iwe kuni. Mke wangu kaniambia mbichi haiwaki. Si mbichi, ina miaka mingi kuliko mie, lakini nilimwelewa: hataki ichomwe. Na kuirudisha haifai kitu. Mguu uliokatwa haurudi kwenye dungu.

Basi kesho tunaipeleka ofisini, mimi na mjomba, kwa mlango wa mbele. Mjomba atasema, mie nitafasiri, bila kupunguza. Najua watakimbilia chale ya juu na kamba zao za kupimia. Waipime. Mie nitaweka mkono kwenye ile ya chini, na sitautoa mpaka nijibiwe.

Nimeipima leo. Iko chini ya goti langu. Itabidi niiname, na wao pia, wakitaka kuiona.