Gurudumu Lililolala Mteremkoni

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba. Huku Rombo tu wazima na ng'ombe amezaa jike. Ila barua yako imenikasirisha. Unauliza kama ubadilishe shokapu za pikapu ya babu yako kwa sababu mbele inagonga, halafu unaongeza, "Najua Bibi hujui magari." Nani kakwambia?

Mama yako alipokuwa mchanga, pikapu hiyohiyo iligonga kila tukipita shimo au kukata kona. Fundi wa mtaa wa Pasua akabadilisha shokapu, ikaendelea kugonga. Nikainua gurudumu kwa jeki, nikalishika juu na chini, nikatikisa. Lilicheza kama jino bovu. Nikamwambia babu yako, "Boljointi, kile kifundo kinachoshika gurudumu, imekwisha. Tusiende nayo Tarakea."

Akacheka mbele ya fundi. "Mke wangu siku hizi ana gereji!"

Kesho yake tukaenda nayo hivyohivyo, na kwenye mteremko gurudumu likajikunja na kulala chini ya gari. Tuliserereka mpaka kwenye migomba ya watu. Nilimkumbatia mama yako, bega langu likavunja kioo. Yeye hakuumia. Babu yako akashuka, akalitazama gurudumu, akasema, "Barabara hizi mbaya sana."

Alisema hivyohivyo mpaka alipofariki. Nilimpenda sana, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Sasa chukua jeki, ulitikise gurudumu kwa mikono yako kabla hujampakia mtu yeyote, kisha uniandikie ulichokiona.

Ni mimi Bibi yako, ninayejua magari.