Miti Isitolewe: Majukumu ya Meneja Mkuu, Nyumba za Familia Bukoto

KAMATI YA UJENZI WA NYUMBA ZA FAMILIA ZA ASKARI, BUKOTO, KAMPALA

Kikao cha dharura kilichofanyika Alhamisi, tarehe 13 Juni 1974, katika ofisi ya mabati ya saiti. Kiliitwa saa 3.00 asubuhi, kikaanza saa 3.40.

WALIOHUDHURIA
Kapteni Abudu – Mwenyekiti
Bw. Ezekia Wanyama – Meneja Mkuu wa Mradi
Bw. Odoch – Nyampara wa mafundi
Bi. Santina Ayot – Mwakilishi wa wake wa askari
Bi. Filda Akwero – Katibu

HAKUHUDHURIA
Bw. Okeny, mtunza stoo. Alikwenda bandari ya Port Bell Jumatatu kufuata saruji. Saruji haijaonekana, naye pia hajaonekana.

KUMB. NA. 1/6/74: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kusema hana muda. Alieleza kwamba mgeni mkubwa atafungua jengo Jumamosi, siku mbili kutoka leo. Atapita ukumbi wa chini, na wake wa askari na watoto watakaa ghorofani kumshangilia.

KUMB. NA. 2/6/74: MAJUKUMU YA MENEJA MKUU
Mwenyekiti alisoma orodha ya majukumu ya Meneja Mkuu. Orodha hii Katibu aliipiga chapa mara tatu, maana kila ilipokwisha Mwenyekiti alikumbuka jambo jingine. Majukumu ni kumi na moja: kusimamia mafundi, kukagua kazi, kutunza michoro, na kadhalika. La saba ni kutii amri. La kumi pia ni kutii amri. Katibu alilitaja hilo, akaambiwa kazi yake ni kupiga chapa.

Bw. Wanyama alisema hana ubishi na hayo, ila moja halimo: kuamua siku ya kutoa miti inayoshikilia zege bichi. Mwenyekiti alijibu kwamba hakulisahau. Kuanzia leo jukumu hilo ni la Mwenyekiti.

KUMB. NA. 3/6/74: MITI YA UKUMBI WA CHINI
Mwenyekiti aliagiza miti yote ya ukumbini itolewe kesho. Alisema ni aibu mgeni kupita katikati ya miti kama yuko msituni.

Bw. Wanyama alieleza kwamba zege la ghorofa lilimwagwa Jumamosi iliyopita, mvua ikinyesha. Lina siku tano. Linahitaji ishirini na moja. Alisema haya mara mbili, kwa sauti ileile. Mtu huyu hapandishi sauti, na nadhani ndilo linalomkera Mwenyekiti kuliko yote.

Mwenyekiti alisema: "Wanyama, wewe iko na maneno mingi. Mgeni nakuja Jumamosi. Hii miti natoka kesho."

Bi. Ayot aliomba nafasi, akanyimwa, akasema hivyo hivyo: "Afande, bibi sitini na watoto nakaa juu ya hiyo zege. Hata mimi na mutoto yangu. Kama naanguka, nyinyi naandika nini?" Mwenyekiti alimtaka akae. Bi. Ayot hakukaa.

Bw. Odoch alikumbusha utaratibu wa saiti hii tangu Bw. Wanyama alipoichukua: anayeagiza miti itolewe husimama chini ya zege mpaka mti wa mwisho utoke. Asiposimama, hakuna fundi anayeinua nyundo. Aliuliza: "Sasa kazi ni ya Afande. Nani nasimama chini?"

Mwenyekiti akasema yeye haogopi saruji, na majaribio yafanywe sasa hivi.

KUMB. NA. 4/6/74: KUKAGUA UKUMBI
Wajumbe wote walihamia ukumbini. Mwenyekiti alisimama katikati. Bw. Wanyama, ambaye jukumu hilo si lake tena, alikwenda akasimama pembeni yake. Bw. Odoch aligonga kabari ya mti mmoja. Alipoigonga mara ya tatu, zege lililia juu, na vumbi likamwagika kwenye kofia ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti alitoka nje. Alitoka upesi. Bw. Wanyama alibaki palepale, akamwambia Bw. Odoch arudishe kabari, naye hakusogea mpaka ikakaza. Katibu alikuwa mlangoni na anakiri kwamba alilia.

IKAAMULIWA: Miti isitolewe mpaka tarehe 29 Juni. Hakuna mtu atakayekaa ghorofani Jumamosi.

KUMB. NA. 5/6/74: KUMWARIFU MGENI
Mwenyekiti aliuliza nani atakwenda kwa wakubwa kusema jengo haliko tayari. Alieleza kwamba yeye ana watoto sita.

Bw. Wanyama alisema: "Nitakwenda mimi. Kusema ukweli wa kazi ni jukumu la meneja, hata kama halikuandikwa." Alimkabidhi Bw. Odoch michoro na funguo, akamwomba Bi. Ayot ampelekee mkewe koti lake, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Akaingia kwenye gari la Mwenyekiti, ambaye aliendesha mwenyewe.

KUMB. NA. 6/6/74: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 5.50 asubuhi, gari lilipoondoka.

Mwenyekiti alirudi saa 11.15 jioni kusaini. Alirudi peke yake. Katibu alimuuliza Bw. Wanyama yuko wapi. Mwenyekiti alisema, "Weka tarehe."

(Saini) Kapteni Abudu, Mwenyekiti
(Saini) F. Akwero, Katibu
13 Juni 1974