Lifti ya Ghorofa ya Saba

Mwenzangu, tumetoka kuiona ile nyumba ya ghorofa ya saba tunayotaka kuhamia na mama mkwe.

Dalali anatuonyesha bwawa la kuogelea, mume wangu anachekelea tu. Nikamuuliza mama mmoja anayeishi pale, anapanda ngazi na beseni la nguo, "Lifti vipi?"

"Imekufa tangu mwaka jana. Ada ya matengenezo tunalipa kila mwezi, inaishia kwenye bwawa."

Kwenye bwawa. Na mama mkwe anatembelea magongo.

Nikamwambia mume wangu tuondoke. Akasema taratibu, "Nimeshalipa arabuni. Nilitaka kumfurahisha mama."

Mama mwenyewe niko naye kwenye gari, anasubiri kupandishwa akaone chumba chake. Ananiuliza dirisha linatazama wapi.